Diski ya Kiuno: Upasuaji wa Tundu Dogo Unampa Mgonjwa Nini Hasa?

Mtu aliyeambiwa kwamba diski yake ya kiunoni imepasuka huwa na maswali matatu. Je, nitapona bila kisu? Nikisubiri, nitaharibikiwa zaidi? Na ikibidi nipasuliwe, nipasuliwe kwa njia gani? Siku hizi swali la tatu limeyafunika mengine mawili. Matangazo husifu upasuaji wa tundu dogo, jeraha la kufunikwa kwa plasta moja, na kurudi nyumbani siku ile ile. Ndugu huanza kuchangishana, wengine wakiulizia nauli ya India, hata kabla haijajulikana kama upasuaji wenyewe unahitajika.

Maswali hayo yote yamefanyiwa utafiti kwa miongo mingi, na majibu yake hayafuati mpangilio wa matangazo. Ukubwa wa tundu una maana, lakini maana yake ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kinachoamua zaidi ni nani anapasuliwa, kwa maumivu gani, na baada ya muda gani. Mgonjwa anayelielewa hilo anaweza kuokoa fedha zake, na mara nyingine mguu wake.

Kinachopasuka ni nini

Sehemu ya chini ya mgongo ina pingili 5. Kati ya pingili moja na nyingine kuna diski yenye pete ngumu za nyuzi kwa nje na ute mzito katikati. Kazi yake ni kupokea uzito wa mwili na kuuwezesha mgongo kupinda. Miaka inavyokwenda diski hupoteza maji na nyuzi zake hudhoofika. Siku moja mtu anainama kuinua gunia, au anapiga chafya tu, na ute unachomoza nje kama tyubu ya baiskeli kwenye tairi iliyochanika. Kati ya mipasuko ya diski za kiuno, takriban asilimia 95 hutokea kwenye diski mbili za chini kabisa.

Kuna jambo moja la maumbile ambalo linaweza kumpunguzia mgonjwa hofu. Uti wa mgongo, ule unaoteremka kutoka kwenye ubongo, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hubaki neva moja moja zinazokwenda miguuni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja kubwa. Kwa hiyo diski ya chini ikichomoza, kinachobanwa ni neva na si uti wenyewe. Neva huumia kwa namna mbili: hukandamizwa na kipande cha diski, na huwashwa na kemikali zinazotoka kwenye ute. Ndiyo maana maumivu huanzia takoni, yakapita nyuma ya paja na kushuka hadi unyayoni, mara nyingi upande mmoja tu, pamoja na ganzi au udhaifu wa mguu. Madaktari huyaita sayatika.

Hapa pana tofauti ambayo wagonjwa wengi hawaelezwi. Upasuaji wa diski ni tiba ya mguu zaidi kuliko tiba ya kiuno. Daktari anaondoa kipande kinachobana neva, na maumivu ya mguuni ndiyo yanayopungua kwa uhakika zaidi. Mtu anayeumwa kiuno peke yake, bila maumivu yanayoshuka mguuni, kwa kawaida hana neva iliyobanwa. Kumpasua, tundu liwe dogo au kubwa, si njia ya kutegemewa ya kumpa nafuu.

Picha ya MRI na mgonjwa mwenyewe

Kipimo cha MRI kimesaidia sana, lakini pia kimewapeleka watu wengi chumba cha upasuaji bila sababu ya kutosha. Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Walipopigwa MRI, asilimia 52 walikuwa na diski iliyovimba angalau mahali pamoja, na asilimia 27 walikuwa na diski iliyochomoza. Mapitio ya mwaka 2015 yaliyokusanya tafiti nyingi yalionyesha kwamba diski zilizochakaa huonekana kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasioumwa, na kwa asilimia 96 ya wazee wa miaka 80.

Maana yake ni kwamba picha peke yake haitoi hukumu. Ni lazima ilingane na mwili: upande unaoonekana kwenye picha uwe ndio upande wa mguu unaouma, na neva inayobanwa iwe ndiyo inayopeleka hisia mahali penye ganzi. Daktari anayesoma ripoti bila kumlaza mgonjwa chali, kuuinua mguu wake ukiwa umenyooka, kupima nguvu ya kidole gumba cha mguu na kugonga kifundo, bado hajampima mgonjwa wa diski.

Jambo la pili ambalo picha haisemi ni kwamba mwili una uwezo wa kujitibu. Ute uliotoka nje ya diski hufikiwa na damu, seli za kinga hulitambua lile pande kuwa kitu kigeni, na huanza kulimeng'enya. Mapitio mengine ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba vipande vilivyokatika na kujitenga kabisa vilinywea vyenyewe kwa asilimia 96 ya wagonjwa, na ute uliotokeza wazi nje ya pete ulinywea kwa asilimia 70. Uvimbe mdogo wa diski ambayo haijapasuka ulinywea kwa asilimia 13 tu. Kwa hiyo mpasuko mkubwa, ule unaotisha zaidi kwenye ripoti, ndio wenye nafasi kubwa ya kuyeyuka bila kisu.

Kutoka jeraha refu hadi tundu

Kabla ya miaka ya 1930, madaktari waliovikuta vipande hivi ndani ya mgongo walidhani ni uvimbe wa gegedu. Mwaka 1934 William Mixter na Joseph Barr wa Boston walichapisha makala iliyoonyesha kwamba ni diski iliyopasuka, na kwamba kuiondoa huondoa sayatika. Upasuaji wa enzi hiyo ulikuwa mzito. Jeraha lilikuwa refu, misuli ilibanduliwa kwenye mfupa, na sehemu kubwa ya mfupa wa nyuma ya pingili iliondolewa ili daktari aione neva.

Tangu hapo historia ya fani hii imekuwa ya kutafuta njia nyembamba zaidi. Mwaka 1964 daktari wa Marekani Lyman Smith alieleza jinsi alivyowadunga wagonjwa kimopapaini ndani ya diski. Dawa hiyo hutokana na utomvu wa papai, utomvu ule ule unaolainisha nyama ya mishkaki ikipakwa papai bichi. Iliyeyusha ute wa diski, na ilipata kibali rasmi Marekani mwaka 1982. Lakini baadhi ya wagonjwa walipatwa na mzio mkali na wachache walipooza, na matumizi yake yakafifia hadi dawa ikaacha kuuzwa huko. Tukio hilo linafaa kukumbukwa kila mbinu mpya inapopokewa kwa shangwe, kwa sababu kutopasua ngozi hakukuizuia dawa hiyo kuleta madhara makubwa.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1977, pale Gazi Yaşargil na Wolfhard Caspar, kila mmoja kwa upande wake, walipoeleza jinsi ya kutoa diski kwa kutumia hadubini ya upasuaji. Kwa mwanga na ukuzaji wa hadubini, jeraha la sentimita 2 hadi 3 lilitosha. Upasuaji huo bado ndio kipimo ambacho njia nyingine zote hulinganishwa nacho. Mwaka 1997 Kevin Foley na Maurice Smith wa Marekani walileta mrija. Badala ya kuibandua misuli, daktari huitanua pole pole kwa mirija inayoongezeka unene, kisha hufanya kazi ndani ya mrija wenye upana usiofika sentimita 2. Wakati huohuo Japani na Marekani zilikuwa zikiendeleza njia ya kuingilia ubavuni kwa endoskopu, yaani kamera nyembamba yenye upana wa milimita 7 au 8. Hupitishwa kwenye upenyo mdogo unaoitwa pembetatu ya Kambin, na mara nyingi mgonjwa huwa macho, amepigwa ganzi ya mahali pale tu.

Tundu dogo likipimwa

Ukiitazama historia hii ni rahisi kuamini kwamba kila tundu jipya lilikuwa bora kuliko lililotangulia. Utafiti haukusema hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa 328. Nusu walipasuliwa kwa mrija na nusu kwa njia ya kawaida ya hadubini. Waliopasuliwa kwa mrija hawakupona haraka zaidi, na maumivu yao ya mguu na ya mgongo baada ya mwaka yalikuwa juu kidogo. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2014 yalifikia hitimisho la karibu na hilo. Njia za tundu dogo zilipunguza hatari ya maambukizi kwenye jeraha, lakini katika kuondoa maumivu hazikuzidi njia za kawaida, na pengine zilikuwa nyuma kwa kiasi kidogo.

Endoskopu imefanya vizuri zaidi. Jaribio jingine la Uholanzi, lenye wagonjwa 613, lilichapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2022. Baada ya miezi 12, wagonjwa wa endoskopu hawakuwa nyuma ya wale wa hadubini, na maumivu yao ya mguu yalikuwa pungufu kidogo. Kwa mgonjwa anayeogopa nusukaputi, au ambaye moyo na mapafu yake hayaistahimili vizuri, kupasuliwa akiwa macho ni faida ya kweli.

Kwa nini tofauti ni ndogo hivyo? Kwa sababu upasuaji wa hadubini nao ni wa jeraha dogo, na kazi inayofanyika ndani ni ile ile: kuifikia neva, kuisogeza taratibu, na kutoa kipande kinachoibana. Neva haijui ukubwa wa mshono ulioko kwenye ngozi. Njia nyembamba huokoa misuli, lakini pia humpunguzia daktari nafasi ya kuona. Kipande kinaweza kubaki, utando unaozifunika neva unaweza kutoboka na kuvujisha maji, na baadhi ya njia hizi hutegemea eksirei nyingi wakati wa kazi. Ustadi wa endoskopu huchukua muda kuujenga, na wagonjwa wa mwanzo wa daktari yeyote ndio hubeba gharama ya kujifunza kwake asipokuwa na msimamizi mzoefu.

Upasuaji hununua muda

Swali zito zaidi ni kama mgonjwa apasuliwe au asubiri. Henrik Weber wa Norway alichapisha mwaka 1983 matokeo ya wagonjwa 126 waliogawanywa kwa kura. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na hali bora zaidi. Kufikia mwaka wa 4 tofauti haikuwa kubwa tena, na mwaka wa 10 makundi yalilingana.

Uholanzi ilirudia swali hilo kwa wagonjwa 283 waliokuwa na sayatika kali kwa wiki 6 hadi 12, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Kundi moja lilipasuliwa mapema. Jingine lilitibiwa bila kisu, kwa ruhusa ya kupasuliwa baadaye maumivu yakizidi, na asilimia 39 walifikia hapo ndani ya mwaka. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Lakini mwaka ulipokwisha, asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona.

Nikiweka majaribio hayo pamoja, naona upasuaji wa diski, kwa mgonjwa asiye na dalili za hatari, hununua muda. Unafupisha miezi ya maumivu. Kwa wengi haubadilishi watakapofika, unabadilisha kasi ya kufika. Kwa hiyo uamuzi unategemea thamani ya miezi hiyo kwa mgonjwa mwenyewe, na hilo daktari hawezi kulisoma kwenye picha.

Hata hivyo kusubiri kuna kikomo. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio la wagonjwa 128 waliokuwa wameteseka kwa miezi 4 hadi 12. Miezi 6 baada ya kuingia kwenye utafiti, maumivu ya mguu kwa waliopangiwa upasuaji yalikuwa wastani wa 2.8 kati ya 10, na kwa waliotibiwa bila kisu 5.2. Mgonjwa aliyefikisha miezi mingi ya sayatika bila nafuu hafai kuendelea kuambiwa avumilie. Kwake subira haina matunda tena.

Kusubiri pia si kulala kitandani. Ushauri wa zamani wa kulala wiki nzima kwenye ubao umeachwa. Mgonjwa anatembea kadiri anavyoweza, anapata dawa za maumivu za kutosha, anafanya mazoezi tiba chini ya mtaalamu, na anarudi kupimwa. Kunyooshwa mgongo kwa nguvu au kukanyagwa kiunoni mguu ukiwa na ganzi si tiba, ni hatari.

Dalili zisizongoja

Kuna mgonjwa mmoja ambaye hoja zote za subira hazimhusu. Diski kubwa ikizibana neva zote kwa pamoja, mtu hupata ganzi sehemu za siri na mahali anapokalia, hushindwa kukojoa au mkojo humtoka bila kujua, hupoteza udhibiti wa haja kubwa, na miguu yote miwili inaweza kulegea. Hiyo ni dharura. Kila saa ina thamani, na matokeo huwa bora zaidi neva zikifunguliwa ndani ya saa 48. Vivyo hivyo mguu unaozidi kupoteza nguvu, kama unyayo unaoburuta chini, unahitaji daktari bingwa bila kuchelewa.

Kwa wagonjwa hawa njia sahihi ni ile ambayo daktari aliyepo anaimudu na inayozifungua neva vizuri. Anayesafirishwa mkoa hadi mkoa kutafuta endoskopu huku kibofu kimeziba anapoteza kitu ambacho hakuna tundu dogo litakalomrudishia.

Hesabu ya Afrika Mashariki

Katika nchi zetu ile hoja ya muda ina uzito wa pekee. Mshahara wa mfanyakazi wa Uholanzi unaendelea anapouguza mgongo. Dereva wa bodaboda, mama ntilie, mkulima na fundi ujenzi hawana hilo. Kwao miezi 6 ya kusubiri ni kodi ya nyumba isiyolipwa na mtoto anayerudishwa nyumbani kutoka shule. Wanaohitaji zaidi kasi ya upasuaji ndio mara nyingi wasio na bima ya kuulipia, na ndio wanaokaa mbali zaidi na MRI.

Ndiyo sababu utafiti wa ukubwa wa tundu unatuhusu moja kwa moja. Kama upasuaji wa hadubini unampa mgonjwa karibu matokeo yale yale na ya vifaa vya bei kubwa, basi nchi yenye fedha chache haijaachwa nyuma. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam imekuwa kwa miaka mingi ikifundisha upasuaji wa ubongo na mgongo, na imeshirikiana na wataalamu wa Weill Cornell wa New York katika mafunzo hayo. Mtaji huo wa watu unazidi thamani ya mashine yoyote. Naamini shilingi ya kwanza iende kwenye wataalamu wa mazoezi tiba wa hospitali za wilaya, wanaoweza kumsimamia anayesubiri. Ya pili iende kwenye MRI za hospitali za rufaa, na ya tatu kwenye hadubini na madaktari wanaoitumia kila wiki. Endoskopu ifuate pale ambapo idadi ya wagonjwa inamwezesha daktari kuuweka mkono wake kwenye mazoea.

Kwa anayefikiria kusafiri nje ya nchi, hesabu isiishie kwenye nauli na bili ya hospitali. Diski iliyotolewa kipande inaweza kupasuka tena mahali pale pale, na tafiti nyingi huweka kiwango hicho kati ya asilimia 5 na 10. Jeraha linaweza kuambukizwa wiki moja baada ya kurudi. Mgonjwa anahitaji daktari wa nyumbani mwenye ripoti kamili na picha zake, aliyekubali mapema kumfuatilia.

Maswali ya kubeba hospitalini

Mgonjwa ana haki ya kumwuliza daktari wake kwa heshima na bila woga. Maumivu ya mguu wangu yanalingana na diski inayoonekana kwenye picha? Nisipopasuliwa kwa wiki 6 zaidi, kuna hatari gani kwangu mimi hasa? Unalenga kuondoa maumivu ya mguu au ya kiuno? Je, unapanga kutoa kipande tu, au pia kuweka vyuma? Swali hilo la mwisho lina uzito mkubwa, kwa sababu mtu aliyepasuka diski kwa mara ya kwanza, na pingili zake ni imara, kwa kawaida hahitaji vyuma. Kisha amwulize: wewe mwenyewe umefanya upasuaji wa njia hii mara ngapi, na ni wangapi walilazimika kurudi mezani?

Daktari mzuri hatachukizwa na maswali hayo. Akijibu kwamba njia anayoimudu zaidi ni ya hadubini yenye mshono wa sentimita 3, jibu hilo lisimkimbize mgonjwa. Akisema kwamba bado ni mapema kupasua, hilo nalo ni tiba, mradi aeleze tarehe ya kurudi, mazoezi ya kufanya, na dalili za kumrudisha hospitali usiku huohuo. Anayeahidi tundu dogo kabla hajaugusa mguu wa mgonjwa bado hajampa sababu ya kukubali.